Homa Ndogo ya Baba Neema

Ninyi wauguzi wapya mnaopita hapa Yakobi kunisalimia, kila mara mnaniuliza swali lile lile: Bibi, katika miaka yako yote ya kazi uliogopa nini zaidi? Mnategemea niseme damu, au mama kujifungulia njiani, au yule mkaguzi aliyekuwa anapitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Hapana. Mimi niliogopa homa ya nyuzi thelathini na saba na pointi nane.

Chekeni, nawasubiri.

Mmemaliza? Homa ya namba hiyo mtu anatembea nayo sokoni, ananunua vitunguu, anabishana bei, anarudi nyumbani. Kwangu mimi ilitaka kunifanya mjane. Na aliyekuwa ameshika kipimo ni mimi mwenyewe, nesi mwenye miaka thelathini na nne kazini. Ndiyo maana leo nawakalisha hapa, chai mnywe, lakini masikio mnipe.

Nianze na mtu aliyenifundisha homa. Tulimwita Sista Tekla. Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, na mkali, weee! Wiki yangu ya kwanza aliniambia nikasafishe vipimajoto, vile vya kioo vyenye zebaki. Mimi binti wa shamba, nyumbani ukitaka kitu kiwe safi unakichemshia maji. Nikachukua birika, nikamimina. Pa! Pa! Pa! Vitatu vikapasuka, zebaki ikakimbia sakafuni kama ina deni na mtu. Nilijua kazi imeisha, nikaanza kukunja aproni yangu.

Sista Tekla hakunifukuza. Alisema, "Basi wiki nzima hutashika kipimajoto. Mungu amekupa mkono, utumie." Akanionyesha. Mgongo wa mkono, si kiganja. Kifuani, chini ya nguo, si usoni. "Paji la uso la mtu wa Njombe ni mali ya upepo," akasema. "Usiliulize habari za ndani ya mwili, halizijui." Kisha akanipa maswali matatu, na kabla sijayauliza hayo hakuna kidonge kutoka mkononi mwangu: Umetoka wapi? Umekunywa nini? Umekojoa lini? Wagonjwa wengine walichukia, hasa wazee. Mzee mmoja wa Kikinga kutoka Makete aliniambia, "Binti, mimi nimekuja na kichwa, mkojo wangu umekukosea nini?" Nilimwuliza hivyo hivyo. Akanijibu akitazama ukuta.

Tena Sista alikuwa anasema homa ni mbwa anabweka getini. Ukimpiga mbwa akanyamaza, mwizi bado yupo. Nenda kamwone aliyekuja. Nami maneno hayo niliwafundisha wasichana wote waliopita mikononi mwangu, kwanza kule Makambako nilikoanzia, halafu hapa. Niliyafundisha kwa sauti kubwa. Kufundisha ni rahisi, wanangu.

Sasa twende kwenye ule mwaka wa hofu. Mlikuwa shuleni, mnakumbuka ndoo za maji na sabuni mlangoni. Sisi zahanati tunakumbuka vingine. Jina la ugonjwa lenyewe watu waliliogopa, wakasema "changamoto ya upumuaji", wakashusha sauti kama wanasema habari za mtu aliye chumba cha pili. Malori yalikuwa yanasimama Makambako kutoka kila upande, na kila dereva aliyekohoa alikuwa habari iliyofika Njombe kabla yake. Nilikuwa naosha mikono hadi ngozi ikachanika. Nikifika nyumbani navua sare uani, kwenye baridi ile, mume wangu ananirushia khanga kwa mbali kama anamlisha simba.

Tulikuwa wawili zamu ya asubuhi, mimi na Hidaya. Hidaya ni binti wa Makambako, baba yake ana malori, mama yake anapika maandazi ambayo nikiyataja hapa mate yananijaa. Alikuja kwangu hajui hata kufunga bandeji. Nilimlea. Aliniita Mama, nami nilimwita mwanangu, na nilipomkaripia alijibu "Nimesikia Mama" kwa namna ambayo hujui kama amesikia au anakucheka.

Tukaletewa kile kipimajoto cha kulenga usoni, watu wakakiita bunduki. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na kuwapiga watu bunduki. Mwezi wa sita, baridi ya hapa mnaijua, nyasi asubuhi ni nyeupe. Mtu ametoka na bodaboda huko shambani, uso umekuwa jiwe. Nalenga: thelathini na nne. Mwingine: thelathini na tatu na nusu. Hidaya akaniambia, "Mama, kwa hesabu hii foleni yote ni marehemu." Tulicheka. Siku hiyo hiyo akaja mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye moto wa kuni na kikombe chake cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, tangu kulipokucha. Bunduki ikalia, thelathini na nane na sita, nami kwa ujinga nikaitaja namba kwa sauti. Jamani! Foleni ilitawanyika. Mama mmoja mwenye mguu uliovunjika, ndio uliomleta zahanati, aliruka mtaro. Mzee akabaki peke yake uwanjani, amekasirika, anauliza kwani amefanya nini. Tulimkalisha kivulini nusu saa, nikamgusa kifua, hakuna homa. Alikuwa amekuja kwa jino.

Hapo ndipo ningepaswa kukielewa kile kipimo. Nilicheka badala ya kuelewa.

Mume wangu, Baba Neema, ni Mpangwa wa Ludewa. Katikati ya hofu ile ile shemeji yake akafa Lupingu, kule ziwani. Nilimkatalia asiende. Akaniambia, "Mama Neema, mtu azikwe bila mimi kwa sababu ya upepo wa hewani?" Akaenda. Akakaa juma zima, akarudi na samaki wakavu na habari za joto la huko, watu wanalala nje. Nilimtenga siku kadhaa, namsalimia kutoka dirishani. Hakukohoa. Nikapumua.

Kama juma moja baadaye, alikuwa anapasua kuni asubuhi, nikamwona anatetemeka. "Baridi," akasema. Na ni kweli, kulikuwa na baridi. Nikachukua bunduki yangu, maana siku hizo nilikuwa natembea nayo mkobani, nikamlenga palepale uani: thelathini na tano. Nikamwambia vaa koti. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Namba ya uani, uso wa uani. Sista Tekla alikuwa ameshalala kaburini, lakini nadhani aligeuka.

Siku ya tatu hakutoka kitandani. Kichwa, viungo, hataki kula. Nikampima ndani: thelathini na saba na nane. Nikakaa kwenye kreti ya soda nikiwa nimeshika ile bunduki, na sikumwona mume wangu tena. Niliona watu waliofunikwa toka kichwani hadi viatuni. Niliona jeneza lisilofunguliwa. Niliona Neema wangu, yuko mbali kikazi, anaambiwa kwa simu kwamba baba ameshazikwa. Na niliona majirani wanapita njia ya upande wa pili, na watu wanasema nesi ndiye aliyeuleta ugonjwa Yakobi.

Nawaambia ukweli mbele ya Mungu: sikuwaza kwamba nimpeleke atazamwe. Niliwaza kumficha.

Nikamhamishia chumba cha nyuma. Kidirisha nikakiziba kwa gunia, nikapigilia misumari ili baridi isiingie na macho yasiingie. Blanketi tatu, lile zito la mama yangu juu. Jiko la mkaa pembeni. Na nyungu: majani ya mikaratusi, michaichai, malimao, sufuria linafoka, namfunika shuka anainamia. Asubuhi, mchana, jioni. Mwaka ule nani hakupiga nyungu? Aliyetoka humo amelowa jasho alionekana amepona nusu. Namfuta uso vizuri kwa taulo, nampiga bunduki, inasoma thelathini na saba na nane. Au tisa. Nikawa najipa moyo, homa ni ndogo, haipandi, namshinda adui. Nilimpa na vidonge vya antibayotiki vilivyobaki kwenye kopo, mimi niliyekuwa nawakaripia watu kwa jambo hilo hilo kila siku ya Mungu. Zahanati nikatuma ujumbe kwamba nina mafua.

Siku ya nne ya kuumwa kwake alikuwa analala tu. Nikimwamsha anakunywa funda moja, anageuzia uso ukutani. Midomo ilikauka ikachanika. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinanigonga kwa ule mkaa, nikadhani nami tayari. Kama saa tisa mchana hivi nikasikia hodi.

Alikuwa Hidaya, barakoa usoni, mkononi amebeba kibakuli cha maandazi. "Shikamoo Mama. Nimekuja kukuona, mafua yanaendeleaje?"

"Marahaba. Weka hapo chini, mwanangu, usisogee." Nilisimama nimeziba mlango kwa mwili wangu wote, na mnaniona, mwili ninao.

Akaweka. Hakuondoka. Nyuma yangu, kutoka chumbani, ikasikika sauti inaongea polepole, inauliza kitu, inanyamaza, inacheka kidogo.

"Mama, nani anaongea?"

"Redio."

Hidaya akasikiliza. "Redio inaongea Kipangwa?"

Baba Neema alikuwa anaongea na mama yake, aliyefariki kabla hatujaoana. Nilikuwa nimemsikia tangu asubuhi, na nilikuwa nimejiambia anaota.

Yule mtoto, niliyemfundisha kufunga bandeji, alinisogeza pembeni kwa mkono mmoja. Alipofungua mlango wa chumba akarudi hatua moja, akasema "Subhanallah!" Kisha akafanya mambo haraka kuliko ninavyosimulia. Jiko nje. Gunia akalivuta likang'oka na misumari yake. Upepo ukaingia, nami nikapiga kelele, "Utamuua kwa baridi!" Blanketi moja, mbili, tatu, chini. Akafungua vifungo vya shati, akaweka mgongo wa mkono kifuani.

"Mama, anaungua huyu."

"Thelathini na saba na nane," nikasema. "Nimempima sasa hivi."

"Umempimia wapi?"

"Usoni."

"Ulipomaliza kumfuta jasho?"

Alitoa kipimajoto cha kioo mfukoni, akakiweka kwapani, akamshikia mkono. Tulisubiri dakika zake. Alipokisoma alinipa nikisome mwenyewe. Arobaini kasoro pointi moja. Ile homa yangu ndogo ilikuwa ya uso uliolowa na kufutwa. Ndani alikuwa anapikika.

Halafu akaniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, na upole ule uliniumiza kuliko kofi: "Mama, ametoka wapi?"

"Alienda msibani. Lupingu."

"Lupingu ziwani? Kwenye mbu?" Akaitazama midomo yake iliyochanika. "Amekunywa nini leo?"

"Kidogo. Sijui. Kidogo."

"Amekojoa lini?"

Sikujua. Miaka thelathini na nne nawauliza watu mkojo wao, na wa mume wangu sikuujua. Nilianza kulia pale pale nimeshika shuka la nyungu.

Hidaya alipanda bodaboda hadi zahanati. Vipimo vya malaria vilikuwa chini kabisa ya kabati, nyuma ya mabango ya zamani, maana huku kwetu juu nani anaumwa malaria? Mtu akiwa na homa Njombe ni baridi, na mwaka ule ikawa ni ule ugonjwa mwingine tu. Alirudi, akamtoboa kidole, akadondosha damu. Mstari wa kwanza ukatokea, huo unatokea kwa kila mtu. Tukangoja wa pili. Sijawahi kabla yake wala baada yake kumwomba Mungu mtu wangu awe na malaria. Niliomba siku hiyo kwa sauti, Hidaya naye anaomba ya kwake. Mstari wa pili ulitokea umekoza.

Tulihitaji gari. Niliona aibu, lakini mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kilikuwa kimeshafika mlangoni. Nikaenda kwa jirani, Mama Tumsifu, ambaye niliziba dirisha kwa sababu yake, kwa jinsi nilivyoogopa mdomo wake. Nikamsalimia kwa Kibena nikiwa mbali, "Kamwene, mama. Mume wangu anakufa. Ana malaria, anaweza kuwa na ule mwingine pia, sijui." Hakuuliza la pili. Alifunga khanga usoni, akamwita mwanawe atoe gari, na ndiye aliyeshika miguu ya mume wangu tukimpandisha.

Hospitalini daktari aliuliza ameumwa siku ngapi. Nilitamani kusema moja. Nikasema nne. Akaandika, hakunitazama. Malaria ilikuwa imeshapanda kichwani, na maji mwilini yalikuwa yameisha, figo zilikuwa zinalegea. Sindano, dripu, oksijeni iwe karibu. Kipimo cha ule ugonjwa mwingine wakakichukua pia, na siku mbili hadi majibu yafike nilikaa kwenye benchi nje, siruhusiwi kuingia, nahesabu vigae vya ukuta. Muuguzi kijana akitoka mlangoni nasimama. Akipita bila kunisemesha nashukuru. Hofu ya siku mbili zile siwezi kuwapimia, haina kipimo cha kioo wala cha bunduki. Majibu yalipokuja, ule hakuwa nao.

Siku ya tatu niliitwa ndani. Alikuwa amefumbua macho. Nikamshika mkono. Alinitazama muda mrefu, nikadhani hanijui. Kisha akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mama Neema, kosa langu lilikuwa nini hata ukanipika?"

Nilicheka, nikalia, wagonjwa wa vitanda vingine wakageuka.

Sasa sikilizeni, maana chai imepoa. Magonjwa ya hewani yatakuja tena, sisemi ili kuwatisha, nasema kwa sababu mimi mwenyewe natishika. Mtu atakuja na homa ndogo na nyote mtakuwa mnalifikiria jambo moja. Homa ndogo si ya kupigana nayo kwa blanketi na moto. Mwili unafanya kazi yake. Mpe maji, uji mwepesi, supu, kidogo kidogo siku nzima. Nguo nyepesi, hata Njombe. Akitetemeka mfunike shuka, akiacha mfunue. Parasetamo kama anaumia, kwa kipimo chake, basi. Akae chumba chake, dirisha wazi, nawe vaa barakoa yako. Nyungu haiui kirusi, nimeona mtoto aliyeungua tumbo kwa sufuria la nyungu, sitaki kusimulia. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha mtu, awe mzima au mgonjwa. Mpime kwapani, akiwa mkavu, asubuhi na jioni, uandike. Lakini namba isikuzibe macho. Anapumua kwa shida? Kifua kinabana? Anaongea ovyo, haamki vizuri, hanywi, hakojoi? Hapo hata namba iwe nzuri namna gani, ondoka naye. Na uulize ametoka wapi, maana magonjwa mengine yote hayakwenda likizo kwa sababu moja limekuja.

Haya yote niliyajua, mnanielewa? Niliyajua siku ile ile niliyokuwa napigilia misumari. Wanasema mganga hajigangi. Mimi nasema mganga mwenye hofu hamgangi mtu yeyote. Ukiona mgonjwa ni wako na mikono inatetemeka, mwite mwenzio, hata kama ni yule uliyemfundisha jana. Nilimwuliza Hidaya baadaye kwa nini hakunikaripia. Alisema, "Nilikuwa naogopa sana, Mama. Ndiyo maana nikauliza maswali yako. Sikuwa na mengine."

Baba Neema yupo, mmemwona hapo nje na bakora yake. Sikio moja halisikii vizuri tangu ugonjwa ule, na akitaka kunikomoa analitumia hilo. Aliporudi nyumbani aliomba jambo moja tu: dirisha la chumba tunacholala lisifungwe tena, maisha yake yote. Mwezi wa saba Yakobi, wanangu, baridi inaingia humo kama mwenye nyumba. Naganda. Meno yananigongana. Kila kukipambazuka natoa mkono nje ya blanketi, naweka mgongo wa mkono kifuani pake, chini ya shati. Yeye anajifanya amelala hadi nimalize. Sijawahi kulifunga hilo dirisha.